Maji ya Mtoto Anayeogelea na Kucheza Nyanda za Juu: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Wazazi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete tunajua kumkinga mtoto na baridi. Sweta lipo, kofia ipo, soksi zipo. Kinachosahaulika ni kikombe cha maji, kwa sababu tumezoea kuiona kiu kama shida ya watu wa Dar es Salaam au Dodoma. Mtoto anacheza, jasho halionekani, haombi kitu, na sisi tunaamini yuko salama.

Baridi yetu inadanganya. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini ni kama 1,600, Njombe inakaribia 2,000. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa huku ni kavu na upepo hautulii. Jasho la mtoto anayekimbia linakauka kabla hujaliona shingoni. Kila pumzi anayotoa inaondoka na unyevu, na mtoto anayecheza anahema haraka haraka. Midomo inapasuka, tunapaka mafuta, tunasema ni upepo. Mara nyingi ni upepo kweli, lakini pia ni mtoto ambaye hajanywa maji tangu asubuhi.

Kuogelea kunazidisha. Mtoto akizama hadi kifuani, uzito wa maji unasukuma damu kutoka miguuni na mikononi kuja kifuani, na mwili unadhani una maji mengi kupita kiasi. Figo zinapokea taarifa hiyo na kuanza kutengeneza mkojo. Baridi ya maji inafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mtoto aliyeingia bwawani sasa hivi tu anapiga kelele anataka kukojoa. Wakati huohuo kiu inapungua, kwa hiyo anapoteza maji bila hamu ya kuyarudisha.

Na mwili wake ni mdogo. Mtoto wa kilo 15 akipungukiwa mililita 300 tu, chini ya kopo moja la soda, ameshapoteza asilimia 2 ya uzito wake. Hapo anaanza kuchoka, kulialia na kugombana na wenzake. Wewe mtu mzima ungepoteza kiasi hicho na usihisi lolote.

Haya yafuatayo ni kwa watoto wa mwaka 1 hadi 7 hivi. Walio chini ya mwaka mmoja wana sehemu yao mwishoni, usiichanganye na hii.

Hatua ya 1: Jua kipimo cha siku ya kawaida

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji karibu lita 1 ya vinywaji kwa siku, maziwa yakiwemo. Wa miaka 4 hadi 8 anahitaji lita 1.2 au zaidi kidogo. Hicho ni kiasi cha siku ya kukaa nyumbani tu. Siku ya bwawa au ya kukimbia jua lote inaongezeka.

Njia rahisi ya kufuatilia ni kumpa mtoto chupa yake ya nusu lita. Akimaliza mbili kwa siku, pamoja na uji na maziwa yake, uko vizuri. Usihesabu kwa kumbukumbu, hasa kama mtoto anashinda na dada wa kazi au bibi yake. Kila mtu anadhani mwenzake ndiye aliyempa.

Hatua ya 2: Andaa maji jana yake

Chemsha maji jioni, yapoe usiku kucha kwenye chombo chenye mfuniko. Hapa kuna jambo la huku kwetu ambalo maelezo ya mijini ya chini hayalitaji: kadiri unavyopanda juu, maji yanatokota kwa joto dogo. Mbeya mjini yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi, badala ya 100. Kwa kimo cha Mbeya na Iringa, yakishaanza kutokota kwa mapovu makubwa yaache dakika 1 kamili. Ukiwa juu ya mita 2,000, kama vijiji vingi vya Makete na eneo lote la Kitulo, yaache dakika 3. Kwa Njombe mjini, ulio karibu na kimo hicho, chukua tu dakika 3. Hakuna haja ya kuyachemsha robo saa. Hapo unaunguza mkaa bure.

Ukitumia vidonge vya kutibu maji, fuata maelezo ya paketi kuhusu kiasi na muda wa kusubiri. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Chupa ya mtoto ioshwe kila jioni kwa sabuni, mfuniko na mdomo wake vikiwemo, kisha ianikwe ikiwa imefunguliwa. Zile chupa zenye mrija zinapendwa na watoto, ila mrija unashika utando ndani na wengi hatuna kibrashi cha kuusafisha. Mimi nashauri chupa ya mdomo mpana, au kikombe cha plastiki cha kawaida.

Hatua ya 3: Mtoto asianze mchezo akiwa mkavu

Mtoto anaamka baada ya saa 9 au 10 bila kunywa kitu, mara nyingi amekojoa usiku. Ukimpa kitumbua na kikombe kidogo cha chai ya rangi, ukampeleka kuogelea saa nne, ameshaingia na deni. Asubuhi ya siku ya mchezo mpe uji mwepesi au maziwa, bakuli zima. Nusu saa kabla ya kuingia majini mpe nusu kikombe cha maji, kisha mpeleke chooni. Hilo la choo ni heshima kwa wengine watakaoogelea, na pia linakupa nafasi ya kuona rangi ya mkojo, ambayo nitaieleza mbele.

Hatua ya 4: Ratiba ya kunywa, hasa bwawani

Usisubiri aombe. Mtoto wa miaka 4 aliyenogewa na mchezo hataomba, na ukimuuliza "Una kiu?" atasema hapana kwa sababu anajua jibu jingine litamtoa kwenye maji. Kwa hiyo usiulize. Tega simu ilie kila baada ya dakika 20, na ikilia watoto wote wanatoka, si yule mmoja tu aliyechoka.

Mabwawa mengi ya huku hayapashwi moto, kwa hiyo dakika 20 ni muda wa kutosha kabisa kwa mtoto mdogo kukaa ndani. Mapumziko ya maji yanakuwa pia ya kupasha mwili na ya kuhesabu vichwa. Mtu mmoja mzima kazi yake iwe kutazama watoto tu. Anayemimina maji na kumenya machungwa awe mwingine. Asiwepo mtoto bwawani wakati wakubwa wameinama kwenye kikapu.

Kiasi: mtoto wa mwaka 1 hadi 3, mafunda matatu hadi matano. Wa miaka 4 hadi 7, mafunda sita hadi manane. Funda la mtoto mdogo ni kama mililita 15, kwa hiyo unazungumzia robo ya kikombe hadi nusu. Si kingi. Kidogo kidogo mara nyingi kinakaa tumboni. Kikombe kizima kwa mkupuo kinarudi pale anapoanza tena kurukaruka.

Sasa baridi ya maji yenyewe. Mtoto ametoka bwawani Juni, midomo inaelekea ubuluu, meno yanagongana, halafu unamkabidhi chupa iliyolala nje usiku kucha. Atakunja uso na kuisukuma. Fuata mpangilio huu: mfute, mvishe kitu kikavu mabegani, ndipo mpe kinywaji, na kiwe cha uvuguvugu. Beba chupa ya chai yenye maji ya moto, pamoja na chupa ya maji yaliyopoa. Kwenye kikombe weka kwanza maji baridi robo tatu, halafu ongeza ya moto robo. Dondoshea tone moja upande wa ndani wa kiwiko cha mkono wako. Ukihisi joto la kawaida bila kuungua, ni sawa. Utamwona anakishika kikombe kwa mikono miwili, anakiinamia, na hakiachii mpaka kimeisha. Chupa ya moto yenyewe ikae mbali na watoto, imefungwa, juu ya meza. Maji ya moto yanaunguza mtoto kwa sekunde moja.

Watoto wanaojifunza kuogelea wanameza maji ya bwawa, na wanameza mengi kuliko watu wazima. Hayo hayahesabiki kama kunywa, maana yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha hata yakiwa na dawa. Wafundishe kutema. Na mtoto yeyote anayeharisha abaki nyumbani siku hiyo.

Hatua ya 5: Michezo ya uwanjani

Chandimu, rede na kombolela vina shida tofauti: huwaoni watoto. Wamejificha nyuma ya nyumba ya jirani, wamehamia kiwanja kingine, wanarudi magharibi wakiwa vumbi tupu. Suluhisho zuri nililoliona ni ndoo yenye koki, ileile ya kunawia mikono lakini iwe ya maji ya kunywa peke yake, iwekwe kibarazani kwenye kivuli kwa urefu wa mtoto. Kila mtoto na kikombe chake kilichofungwa uzi wa rangi yake. Watoto wa jirani nao wawe na vikombe vyao, maana watakuja tu. Mtoto anayejichotea mwenyewe anakunywa zaidi ya yule anayesubiri kupewa.

Anzisha mapumziko kwa sauti inayojulikana. Ukiita "Haya, maji!" kila mara kwa namna ileile, baada ya wiki watakuja mbio wenyewe.

Septemba hadi Novemba, kabla mvua hazijaanza, ndiyo miezi ya kuwa mkali zaidi. Jua linachoma, vumbi limejaa, na kwa sababu jioni kunapoa tunasahau mchana ulivyokuwa. Fupisha muda kati ya mapumziko uwe dakika 15, na saa sita hadi saa tisa mchana wachezee kivulini.

Kwa mtoto wa chekechea, zungumza na mwalimu: "Mwalimu, naomba mwanangu akumbushwe kunywa, na aruhusiwe kwenda chooni akiomba." Ongeza hilo la choo makusudi. Watoto wengi wanaacha kunywa shuleni kwa kuogopa choo, na chupa inarudi nyumbani imejaa.

Hatua ya 6: Anywe nini

Maji safi yanatosha kwa mchezo wa chini ya saa moja, na kwa watoto wengi yanatosha hata zaidi ya hapo wakila chakula chao cha kawaida. Maziwa ni kinywaji kizuri sana baada ya mchezo: yana maji, chumvichumvi na sukari yake ya asili, na Rungwe na Njombe hatuna uhaba wa maziwa. Yachemshwe tu.

Matunda nayo ni maji. Tikiti, chungwa, tango, na mapichi na mapeasi msimu wake ukifika. Ndizi mbivu haina maji mengi kama hayo lakini inarudisha madini ya potasiamu na kushibisha, kwa hiyo inafaa kuambatana na kikombe cha maji. Tikiti likate vipande virefu vya kushikika, toa mbegu kwa walio chini ya miaka 3, na mtoto ale akiwa ameketi. Akila huku anakimbia atapaliwa.

Togwa ya leo, tamu, isiyochacha, inafaa kwa watoto wa umri wa kwenda shule. Iliyolala siku mbili usimpe, maana inaanza kuwa pombe. Kuhusu ulanzi sina maneno mawili: hata ule mtamu uliogemwa asubuhi si kinywaji cha mtoto, kwa sababu unaanza kuchacha ukiwa bado kwenye mwanzi. Najua kuna nyumba zinampa mtoto "kidogo tu aonje" msimu wa mvua. Tuache.

Soda na juisi za unga zinaongeza sukari na kuziba hamu ya maji. Juisi halisi ya matunda isizidi mililita 120 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, na mililita 180 kwa wa miaka 4 hadi 6, ikichanganywa na maji. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, visimkaribie mtoto kabisa. Chai tunailima wenyewe Rungwe na Mufindi na tunaipenda, ila kwa mtoto mdogo inapunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Usiifanye ndiyo kinywaji chake cha kila siku.

Hatua ya 7: Safari ya Matema

Familia nyingi za Mbeya zikitaka kuogelea zinateremka Ziwa Nyasa. Unatoka Uyole kwenye baridi, unapita Kiwira na Tukuyu kwenye ukungu, unafika Matema, wilayani Kyela, ambako ziwa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Umeshuka zaidi ya mita 1,200, na mtoto bado ana sweta la asubuhi.

Kosa kubwa hufanyika ndani ya gari. Mzazi anamnyima mtoto maji ili asisumbue kuomba kuchimba dawa njiani. Mtoto anafika ziwani akiwa amekaa saa kadhaa bila kunywa, anaona maji, anaruka ndani, na joto la Kyela linamkuta hivyo. Mpe maji njiani, mafunda machache kila nusu saa, na mwambie dereva mapema kwamba mtasimama. Mvue sweta mkifika Tukuyu, au mara tu joto linapoanza.

Mkifika, kaeni kivulini kwanza, anywe nusu kikombe, ndipo aingie. Huku chini maji baridi ndiyo yanayotakiwa: jana yake gandisha chupa zilizojaa nusu, asubuhi ziongeze maji, zitakaa na ubaridi hadi mchana. Bebeni angalau lita 1 kwa kila mtoto kwa mchana mmoja.

Maji ya ziwa hayanywewi, hata yakionekana maangavu kiasi gani. Ziwa Nyasa lina kichocho, hasa sehemu zilizotulia zenye majani, na vimelea vyake vinapenya kwenye ngozi. Waulize wenyeji wapi panafaa kuogelea, kwa kichocho na kwa mamba pia. Wiki au miezi baadaye ukiona damu kwenye mkojo wa mtoto, mpeleke zahanati; dawa ya kichocho ipo na inatibu.

Hatua ya 8: Soma mkojo na uso

Mkojo wa njano iliyopauka maana yake anakunywa vya kutosha. Njano iliyokolea, yenye harufu kali, maana yake ongeza maji sasa hivi. Mtoto anayecheza mchana kutwa akakaa muda wa saa sita bila kukojoa, msimamishe na mnyweshe.

Dalili za kuangalia kabla hali haijaharibika ni midomo na ulimi mkavu, kulia bila machozi, kunyong'onyea, kichwa kuuma, na hasira isiyo na sababu. Ukiona hizi, mchezo umeisha kwa siku hiyo. Mkalishe kivulini au ndani, mpe maji au maziwa kijiko kwa kijiko au funda kwa funda kila dakika moja au mbili, kwa saa nzima. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee polepole zaidi.

Kama kuna kuharisha au kutapika, tumia ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: paketi moja kwenye maji safi kiasi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1. Paketi ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwenye lita 1 ya maji safi. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza nguvu; chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Kila baada ya choo cha kuharisha, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, mkubwa wake 100 hadi 200. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 mwaga. ORS haitakiwi kwa mchezo wa kawaida, iache kwa ugonjwa.

Kimbilia kituo cha afya ikiwa macho yamezama ndani, ukifinya ngozi ya tumbo na kuiachia inarudi taratibu, mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au amelegea na kuamka kwa shida. Mtoto aliyepigwa na joto, mwili unawaka na anaongea ovyo au hajitambui, asinyweshwe kitu mdomoni. Mvue nguo, mlowanishe kwa maji, mpepee, na muende mkiendelea kumpoza njiani. Matema kuna hospitali ya Kilutheri, mjue ilipo kabla watoto hawajaingia ziwani.

Walio chini ya mwaka mmoja

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji, hata Kyela kwenye joto. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji. Siku ya joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe anywe. Ukimpa maji unajaza tumbo lake dogo na kumpunguzia maziwa, na maji mengi yanaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtoto akapata degedege.

Kuanzia miezi 6 hadi 12, ongeza mafunda ya maji yaliyochemshwa kwenye kikombe wakati wa kula, jumla isizidi mililita 240 kwa siku, na endelea kunyonyesha. Ukimwingiza majini mshike muda wote uso ukiwa juu, kwa dakika chache, wala usimzamishe kichwa, kwa sababu anaweza kumeza mengi bila wewe kujua. Akitoka majini akawa na usingizi usio wa kawaida, anatapika au uso umevimba, mpeleke hospitali hapohapo na ueleze kwamba alikuwa anaogelea. Siku nyingine zote, hesabu nepi: zenye mkojo 6 au zaidi ndani ya saa 24 zinaonyesha anapata ya kutosha. Nepi ikikaa kavu kwa saa 6, mnyonyeshe hapohapo. Ikiendelea kuwa kavu, au utosi umebonyea, nenda kituo cha afya.